Mwenye Juisi Aonje Kwanza

Sehemu ya Tisa

Haya, nimewasikia. Wiki nzima simu yangu haikupoa, na msomaji mmoja wa Nyantakara amenitukania mpaka marehemu bibi yangu, ati kwa nini nilikatisha hadithi wakati mzee ameshika glasi. Basi tulieni. Mzee bado ameshika glasi.

Na glasi yenyewe imejaa, na hainyweki.

Kwa wewe uliyekuwa safarini: huyu ni Mzee Ndikuriyo, mgeni wa heshima. Hapa ni gulioni Nyakahura, Jumatatu saa saba mchana, kwenye uzinduzi wa Mtobe Mwema. Mtobe ni juisi ya ndizi mbivu, ile tamu isiyolewesha, ila safari hii imechemshwa kiwandani, ikatiwa kwenye chupa na kubandikwa karatasi ya rangi. Mwenye kiwanda ni Mzee Sabiti, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na mizigo ya vitambaa na hakurudi tena. Na aliyepanga shughuli nzima, kuanzia turubai mpaka kipaza sauti, ni binti yetu Ildefonsa Ntakirutimana, mzaliwa wa Rulenge kule Ngara. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea uhusiano wa umma, na hii ni wiki yake ya nane ya fildi, mafunzo ya kazini, kwa Sabiti.

Fildi msiichukulie mchezo. Bila sahihi ya mwajiri kwenye logibuku, daftari la mafunzo hayo, hakuna alama, na bila alama hakuna joho. Ildefonsa alishaazima joho la rafiki yake, akapiga picha, akamtumia mama yake. Mama akaionyesha parokia nzima.

Sasa Mzee Ndikuriyo, ambaye kwake l na r ni watoto wa tumbo moja, aliinua glasi mpaka watu wa nyuma wakaiona.

"Bwana Sabiti, kalibu wewe kwanza."

"Ahsante mzee wangu. Wewe ndiye mgeni, kunywa."

"Mgeni hanywi kabla ya mwenyeji. Onja, tuone."

"Mimi leo sinywi," alisema Sabiti, akatazama pembeni.

Yesu na Maria!

Wewe msomaji wa mjini, uliyezoea kufunguliwa soda na mhudumu, labda huoni tatizo. Huku kwetu mtu akikukaribisha kinywaji, anakinywa yeye kwanza mbele ya macho yako. Funda moja tu, halafu anakupa. Awe shemeji yako, awe padri, anaonja. Maana yake ni kwamba kama ni kufa, tunakufa wote. Asiyeonja ana jambo lake.

Ildefonsa alilijua hilo tangu anatambaa. Bibi yake alikuwa anaonja hata maji. Lakini kwenye ratiba aliyoichapa kwa kompyuta na kuipa kichwa cha MTIRIRIKO WA TUKIO, aliandika kama alivyofundishwa darasani: mgeni rasmi kwanza, wadau wafuate, mwenyeji mwisho. Madaftari yakamshinda bibi.

"Nitaonja mimi!" alisema. Akaidaka glasi kutoka mkononi mwa mzee, akaigida yote bila kupumua. "Jamani, tamu!"

Watu wakaangua kicheko.

"Wewe umeajiriwa," mama mmoja muuza mihogo alimpigia kelele. "Ukifa atatafuta mwingine!"

"Hata hajaajiriwa! Yuko fildi!"

Mzee Ndikuriyo alichukua fimbo yake, akaondoka. Nyuma yake wakaondoka watu mia tatu. Mkitaka kujua ukubwa wa balaa, pimeni hapo: watu wa Nyakahura, ambao hawajawahi kukataa cha bure tangu dunia iumbwe, walikataa cha bure.

Pembeni alikuwapo Telesfori, dereva wa bodaboda, ambaye pia ni kiongozi wa kundi la WhatsApp la Nyakahura Yetu. Alikuwa amerekodi kila kitu. Saa kumi video ilishafika Ngara mjini, ikiwa na maandishi mekundu: TAJIRI AOGOPA JUISI YAKE. Saa kumi na moja Nyantakara wakasema kwao kuna mtu ameinywa akapofuka. Nyamahanga, ambao hawapendi kushindwa, wakasema kwao wamepofuka wawili.

Kesho yake asubuhi Ildefonsa aliingia ofisini Biharamulo akiwa na macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa." Sabiti alimtazama. "La, usikae."

Akasimama.

"Maduka kumi na moja yamerudisha makreti," alisema Sabiti. "La kumi na mbili halijarudisha kwa sababu mwenyewe kafiwa. Ni uhusiano gani wa umma huo unaosomea, binti? Umma wenyewe umenikimbia!"

"Mzee, ungeonja tu. Funda moja!"

"Sikuweza."

"Kwa nini?"

"Hilo halikuhusu."

Akalichukua logibuku la Ildefonsa, lile lenye jalada la bluu, akalitupa kwenye droo na kugeuza ufunguo. 

"Msimamizi wako anakuja lini kukukagua?"

"Keshokutwa, Alhamisi."

"Basi atalikuta humohumo."

Binti alitoka akiwa na wazo moja baya kichwani. Huenda mzee anajua kitu kuhusu juisi yake. Mtu mzima, mwenye kiwanda, anasema hakuweza kunywa juisi ya ndizi, na sababu haitaji. Kama wewe ungekuwa pale usingefikiri hivyo?

Hata hivyo alifanya kile ambacho kila mwanafunzi wa uhusiano wa umma hufanya akichanganyikiwa. Aliandika taarifa kwa umma. Kurasa mbili, nembo ya kiwanda juu, na ndani yake maneno kama "tunapenda kuwahakikishia wadau wetu" na "viwango vya ubora". Akachapa nakala mia mbili, akazipeleka mwenyewe Nyakahura, akazigawa stendi. Alipozunguka upande wa pili wa barabara alikuta wadau wamefungiwa karanga ndani ya taarifa hiyohiyo. Alinunua pakiti moja. Karanga zilikuwa nzuri.

Hapo ndipo simu ilipoita. Dokta Francisca, mwalimu wake, mwanamke ambaye chuo kizima humwogopa mpaka walinzi.

"Ildefonsa. Nimeona video."

"Ipi, Dokta?"

"Ile unayokunywa wewe halafu watu wanacheka."

"Ah. Hiyo."

"Alhamisi nakuja. Sina haja ya kuona mabango wala ratiba. Nataka nione umelimaliza vipi. Kama hukulimaliza, tutaonana mwakani, utarudia fildi. Darasani nilisema nini kuhusu balaa likishatokea?"

"Sema ukweli, sema mapema, sema wewe kabla hujasemwa."

"Kwenye mtihani ulipata ngapi hapo?"

"B, Dokta."

"Basi nakuja kuikagua hiyo B."

Simu ikakatwa. Ildefonsa alisimama kando ya barabara na karanga zake, akalia waziwazi, na magari ya mizigo yaendayo Rusumo yakampigia honi.

Sasa, aliyemwokoa sio kitabu. Alikuwa Bi Zulfa, mke wa Sabiti.

Ildefonsa alirudi mjini jioni, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa bosi, akamkuta Bi Zulfa uani anachambua mchele. Akamwamkia, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akalitapika lote.

"Bi Zulfa, niambie ukweli. Ile juisi ina nini? Kwa nini Mzee hakunywa?"

Bi Zulfa alicheka mpaka ungo ukamtikisika.

"Ina ndizi! Kwani wewe hujui? Jumatatu alikuwa amefunga."

"Amefunga? Na Ramadhani imepita?"

"Ya sunna, mtoto wewe. Jumatatu na Alhamisi. Mwaka huu ni wa kumi na tisa, tangu alipougua akadhaniwa maiti, Mungu akamnyanyua. Hajakosa hata moja."

Ildefonsa alishika kichwa. "Sasa si angesema! Maneno mawili tu, nimefunga, kila mtu angeelewa!"

"Aseme wapi? Kwenye kipaza sauti chako?" Bi Zulfa aliacha kucheka. "Saumu ni yake na Mola wake. Haitangazwi kama sabuni. Na nikisikia wewe umeitangaza, hicho kidomo nitakipaka pilipili, Wallahi."

Kesho yake alfajiri, siku ya Jumatano, Ildefonsa alimsubiri bosi mlangoni mwa ofisi.

"Mzee, nimejua."

Sabiti alifumba macho. "Zulfa," alisema peke yake, kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

"Nikitoa taarifa leo, aya moja tu..."

"Ukiandika kwenye hayo makaratasi yako kwamba Sabiti ni mcha Mungu kwa hiyo nunueni juisi yake, logibuku lako nalitia jikoni tunakochemshia ndizi. Siuzi bidhaa kwa ibada yangu. Afadhali kiwanda kife."

Hapo hata mimi msimulizi wenu, niliyemsema vibaya mzee huyu tangu sehemu ya kwanza, nilimvulia kofia kidogo. Kidogo tu.

Na Ildefonsa? Ukweli alikuwa nao, tena mtamu, na haruhusiwi kuutamka. Na siku iliyobaki ni moja, Alhamisi, ambayo bosi amefunga tena! Chuo hakikuwahi kufundisha kitu kama hicho.

Kisha akauliza swali ambalo hata leo hajui lilitoka wapi.

"Mzee, ukifungua, unafungua na nini?"

"Tende na maji. Kwani?"

"Tende na mtobe, kuna ubaya?"

"Ubaya gani? Ni juisi ya ndizi."

"Basi kesho fungua Nyakahura."

Sabiti alifungua mlango wa ofisi, akaingia, na binti akamfuata.

"Sitasema neno," Ildefonsa aliapa. "Watu watakuja, jua litazama, adhana italia, wewe utafungua kinywa kama unavyofungua popote. Unaonja kwanza, basi. Atakayeelewa ataelewa."

"Hutasema?"

"Sitasema."

"Hata kwa nyusi?"

"Hata kwa nyusi, Mzee."

Sabiti alikuna ndevu. Halafu akafungua droo, akalitoa logibuku, akaliangalia, akalirudisha. Lakini safari hii hakugeuza ufunguo.

Mbio za Nyakahura zikaanza. Kwanza kwa Mzee Ndikuriyo, aliyekuwa ameketi nje ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Ildefonsa alipiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujafa tu?"

"Sijafa. Babu, kesho jua likizama mwenye kinywaji ataonja. Mbele yako."

"Kwa nini jua rikizama? Sumu yake inaogopa mwanga?"

"Njoo uone mwenyewe."

Mzee alijaribu mpini kwa kidole. "Nitakuja. Nisiporiona koo rake rikipanda na kushuka, naondoka na kijiji chote, na wewe usinipigie goti tena."

Kazi ilikuwa imekwisha hapo. Angerudi nyumbani alale, hadithi hii ingekuwa imefika mwisho na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini msomi hajui kuacha. Ildefonsa alikumbuka jinsi juisi ilivyoonekana kwenye video ya Telesfori: imo kwenye glasi, juani, rangi ya njano, inafanana kabisa na kile kinachopelekwa maabara ya zahanati. Daftarini akaandika "mandhari ya asili" na kupigia mstari. Vibuyu! Kinywaji cha ndizi kimiminwe kutoka kwenye vibuyu, kama zamani, picha zitoke nzuri.

Na mwenye vibuyu vizuri kuliko wote Nyakahura ni Mama Ernesta, ambaye amepika pombe ya ndizi miaka thelathini na kuwaozesha mabinti wanne kwa kazi hiyo.

"Chukua vinane," Mama Ernesta alimwambia bila hata kugeuka, mikono imo ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi. "Ila usivioshe kwa sabuni. Suuza na maji baridi tu. Sabuni inaniharibia vibuyu."

Akavisuuza na maji baridi. Halafu, ili kesho asihangaike, akafungua chupa za Mtobe Mwema palepale, saa nne asubuhi, akavijaza vyote vinane na kuviziba kwa majani ya mgomba. Ili visiibiwe, akavipanga jikoni kwa Mama Ernesta, karibu na mafiga, penye joto zuri.

Wasomaji wangu wa Ngara na Biharamulo, naona mmeshashika vichwa. Msiwaambie wengine.

Alhamisi jioni watu walifika mia tano. Jumatatu walikuja kunywa, safari hii walikuja kuona mtu akifa, na kwa hilo watu hawachelewi. Telesfori alikuwa amepanda juu ya pikipiki yake, simu mkononi. Dokta Francisca alikaa mstari wa mbele, kalamu nyekundu sikioni, mkoba magotini. Bi Zulfa alikuja na chupa ya maji na kisahani cha tende. Sabiti alivaa kanzu nyeupe, midomo imemkauka, na mbele yake mezani aliweka kitu chenye jalada la bluu.

Ildefonsa alikitambua kabla hajafika karibu. Logibuku lilikuwa wazi, ukurasa wa mwisho. Muhuri ulishapigwa. Sehemu ya sahihi ilikuwa tupu.

"Muhuri nimepiga," Sabiti alimnong'oneza. "Sahihi nitaweka nikishakunywa."

Jua likazama nyuma ya migomba. Kutoka msikiti mdogo wa kando ya barabara adhana ikalia.

Sabiti akachukua tende moja, akasema maneno yake kwa sauti ndogo, akatafuna taratibu.

 Mzee Ndikuriyo aliitazama ile tende. Akageuka kutazama msikiti ulipo. Akarudi kumtazama Sabiti, midomo yake mikavu. Na hapo Ildefonsa aliona sura ya mzee ikibadilika.

"Ah!" alisema Ndikuriyo. "Kumbe Jumatatu..."

"Alikuwa amefunga!" muuza mihogo alidakia. "Maskini, na sisi tukamwona muuaji!"

Likaenda mdomo kwa mdomo mpaka nyuma kabisa, na njiani hakuna aliyelisukuma. Wengine walicheka kwa aibu. Mama mmoja aliomba radhi kwa sauti, hajui anamwomba nani. Ildefonsa hakutamka neno, na nyusi zake zilitulia mahali pake. Dokta Francisca aliitoa kalamu sikioni na kuandika kitu, na jamani, alikuwa anatabasamu. Walinzi wa chuo wasingeamini.

"Haya, mimina," Sabiti alisema. "Kiu imenishika."

Mama Ernesta akainama na kibuyu cha kwanza, akammiminia Sabiti kwenye kikombe, akamjazia na Mzee Ndikuriyo cha pili. Ildefonsa alikuwa amesimama kati yao, kipaza sauti mkononi, tayari kusema karibuni.

Akaona povu.

Povu jeupe, linapanda, linavuka ukingo wa kikombe. Mtobe wa chupa hautoi povu. Halafu harufu ikamfikia, harufu ambayo kila mtoto wa Ngara anaijua kutoka sherehe za wajomba zake.

Mzee Ndikuriyo alishaiweka pua juu ya kikombe chake. Hakuinua kichwa.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "hivi vibuyu umetoa wapi?"

"Kwa Mama Ernesta."

"Ukavijaza rini?"

"Jana asubuhi." Aligeuka kuvitazama vibuyu. "Nikaviweka jikoni kwake."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko cha ndani.

"Kibuyu cha pombe hakisahau kazi yake. Hii siyo mtobe tena, binti. Hii imeshakuwa pombe, na ni kari."

"Mungu wangu. Babu, nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Nyamaza. Huyu hajawahi kuonja pombe tangu azariwe, ataijulia wapi? Ataona ni mtobe uriochacha kidogo. Akimeza, na mimi nameza, na kijiji chote kinameza, na kesho juisi yake inanunuriwa mpaka Karagwe." Akamkonyeza. "Na kwangu mimi, kusema kweri, hii ni nzuri zaidi."

Sabiti alikuwa ameshainua kikombe. Simu mia tano zilikuwa juu. Telesfori alikuwa anatangaza kama mpira: "Anakunywa, ndugu zangu, anakunywa!"

Sitawadanganya. Ildefonsa alitaka kunyamaza. Alilitazama logibuku, muhuri wa zambarau, ile nafasi tupu ambayo ilikuwa imebakiza kalamu tu. Alimwona mama yake na picha ya joho. Alijua pia kwamba akisema neno, mbele ya hizo simu zote, neno lenyewe litakuwa lilelile ambalo Nyamahanga na Nyantakara wamelisubiri tangu Jumatatu. Kunyamaza kulikuwa kunamgharimu kitu kimoja tu, nacho hakuna mtu angekijua isipokuwa yeye na huyu babu mwenye kicheko.

Lakini angekijua yeye. Miaka kumi na tisa mzee wa watu anafunga kimyakimya, na leo anafungulia pombe aliyotengenezewa na mwanafunzi wa fildi kwa ajili ya picha.

"Bismillahi," alisema Sabiti, na kikombe kikagusa midomo.

"Mzee, usinywe!"

Alikuwa amesahau kwamba ameshika kipaza sauti. Sauti yake ilivuka turubai, ikavuka barabara, na dereva mmoja wa lori akafunga breki.

"Usinywe! Nakuomba, kitue chini!"

 Halafu Telesfori, juu ya pikipiki, akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyeokota: "Mmesikia? Mmemsikia? Mtu wake mwenyewe kasema asinywe!"

Muuza mihogo akapiga yowe. Viti vikaanguka. Watu wa nyuma wakaanza kusukumana kuja mbele na wa mbele wakataka kurudi nyuma. Dokta Francisca aliacha kutabasamu.

Sabiti alikuwa bado ameshika kikombe, povu limembaki kwenye masharubu. Hakuwa amemeza.

"Kwa nini?" aliuliza.

 Ildefonsa alileta kipaza sauti mdomoni.

"Juisi ya Mzee Sabiti haina kosa," alisema. "Chupa ni nzima. Kosa ni langu. Nilitaka picha nzuri, nikaimimina jana kwenye vibuyu vya pombe, imechacha, imekuwa pombe. Nimelijua sasa hivi. Na Mzee hanywi pombe. Ningenyamaza msingejua. Mimi Ildefonsa Ntakirutimana ndiye niliyeharibu. Jumatatu pia nilikuwa mimi, niliandika mgeni aanze kwenye ratiba, na bibi yangu alinifundisha vingine."

Hakuna aliyecheka. Hata Telesfori alishusha simu kidogo, kisha akakumbuka kazi yake akaipandisha.

Sabiti alikitua kikombe. Akapokea maji kwa Bi Zulfa, akanywa mafunda matatu taratibu, akafuta masharubu kwa leso. Kisha akaliangalia logibuku. Akalifunga. Kalamu akairudisha mfukoni mwa kanzu.

Ildefonsa aliinamisha kichwa. Alikuwa amelitarajia, na bado lilimuuma.

Alipoinua macho, mkono wa Sabiti ulikuwa umenyooshwa mbele yake, kiganja wazi.

"Kipaza sauti," alisema mzee ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwambia mtu wa nje habari ya saumu yake. "Nipe. Sasa nasema mimi."